Kubadilisha umiliki wa ardhi baada ya kifo cha mmiliki mwenza

Kubadilisha umiliki wa ardhi baada ya kifo cha mmiliki mwenza ni utaratibu wa kisheria wa kuondoa jina la marehemu katika daftari la ardhi na kuiandika haki yake kwa mmiliki aliyebaki, kwa msimamizi wa mirathi au kwa warithi. Upande wa Tanzania Bara utaratibu huu unatokana hasa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura ya 334), Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na sheria za mirathi, ambazo ni zaidi ya moja. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na haihusiki na maelezo yafuatayo.

Watu wengi huamini kwamba majina mawili yakiwa kwenye hati, aliyebaki anakuwa mwenye nyumba yote moja kwa moja. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi si kweli. Jibu linategemea aina ya umiliki iliyoandikwa kwenye daftari siku hati ilipotolewa, jambo ambalo wanandoa wengi hawakuulizwa wala hawakuuliza.

Mfano wa Kihesa

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa, upande wa kaskazini wa mji kuelekea Dodoma. Kama zilivyo kata nyingi za pembeni mwa miji ya Nyanda za Juu Kusini, viwanja vyake havina historia moja. Vipo vilivyopimwa na kupata hatimiliki, vipo vyenye barua ya toleo tu, na vipo vilivyonunuliwa kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wakazi nao ni mchanganyiko: Wahehe wenyeji, Wabena, Wakinga na watu waliohamia kwa kazi na masomo, Wakristo kwa Waislamu. Mchanganyiko huo una maana kubwa katika mirathi, kwa sababu sheria inayogawa mali ya marehemu hutegemea dini yake, kabila lake na jinsi alivyoishi.

Ili kurahisisha maelezo, makala hii inatumia mfano wa kufikirika: mume na mke waliojenga nyumba Kihesa kwenye kiwanja chenye hati, wana watoto wakubwa wa kiume na wa kike, na mume amefariki. Mume akibaki na mke akafariki, hatua ni zilezile, ingawa mafungu ya urithi yanaweza kubadilika.

Aina mbili za umiliki wa watu wawili

Kifungu cha 159 cha Sheria ya Ardhi kinatambua aina mbili za kumiliki ardhi kwa zaidi ya mtu mmoja.

Ya kwanza ni umiliki wa pamoja. Hapa hakuna mwenye fungu lake. Wote wawili wanamiliki kitu kizima, na hakuna anayeweza kuuza bila mwenzake. Mmoja akifa, haki yake huhamia kwa aliyebaki papo hapo. Haiingii kwenye mirathi, haigawiwi kwa watoto, wala wosia hauwezi kuielekeza kwingine. Kanuni hii imetoka kwenye sheria ya Uingereza. Tangu sheria ya 1999 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2001, umiliki wa namna hii unaweza kuanzishwa kati ya wanandoa tu. Ndugu wawili au marafiki wakijiandikisha hivyo, sheria huwahesabu kuwa wa aina ya pili.

Ya pili ni umiliki wa hisa. Kila mmoja ana sehemu yake, hata kama sehemu hiyo haijachorwa mpaka ardhini: nusu kwa nusu, au robo kwa robo tatu. Mmoja akifa, hisa yake ni sehemu ya mali ya marehemu kama ng'ombe au akiba ya benki, na lazima ipite kwenye mirathi.

Hapa ndipo penye mtego. Kifungu cha 161 kinasema mwanandoa akipata ardhi kwa matumizi ya wote wawili, au ya wake wote kama ndoa ni ya mitala, dhana ya kwanza ni kwamba wanaimiliki kwa hisa, na Msajili awaandikishe hivyo, isipokuwa hati ionyeshe wazi vinginevyo. Basi hati yenye majina ya mume na mke bila maelezo zaidi huelekea kusomwa kama umiliki wa hisa. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 60, inaongeza kuwa mali iliyopatikana kwa majina ya wote wawili inadhaniwa kuwa ya nusu kwa nusu mpaka ithibitishwe tofauti. Mjane anayefikiri amebaki na nyumba nzima anaweza kukuta sheria inamtambua kwa nusu, na nusu nyingine inasubiri warithi.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kikao chochote cha ukoo, ni kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Upekuzi huonyesha majina yaliyosajiliwa, aina ya umiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Rehani haifi na mkopaji. Inabaki juu ya ardhi mpaka deni limalizwe.

Pale umiliki ulipokuwa wa pamoja

Njia hii ni fupi. Aliyebaki hupeleka maombi kwa Msajili wa Hati akiwa na hatimiliki halisi, cheti cha kifo, kitambulisho na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Cheti cha ndoa huondoa maswali. Msajili akiridhika na uthibitisho wa kifo, hufuta jina la marehemu kwenye daftari, na jina la aliyebaki linasimama peke yake. Barua za mahakama hazihitajiki kwa ajili ya ardhi hiyo, ingawa mali nyingine za marehemu bado zina mirathi yake.

Cheti cha kifo kinatolewa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao kazi yake wilayani hufanyika kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, na familia nyingi hugundua tofauti hiyo zikiwa tayari dirishani. Kosa lingine la kawaida ni majina: marehemu aliitwa hivi kwenye hati, vile kwenye kitambulisho na vingine kwenye cheti cha kifo. Tofauti ya herufi moja inaweza kudai hati ya kiapo ya kuthibitisha kuwa ni mtu yuleyule.

Zamani mkazi wa Kihesa alilazimika kufuata huduma ya usajili wa hati kwenye ofisi ya kanda iliyokuwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300. Baada ya wizara kufungua ofisi za ardhi katika kila mkoa mnamo 2020, maombi hupelekwa kwa Msajili Msaidizi hapohapo Iringa.

Pale umiliki ulipokuwa wa hisa

Hapa hakuna njia ya mkato. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema mmiliki akifa, mtu anayestahili kuandikwa mahali pake ni mwakilishi wake wa kisheria, akileta nakala rasmi ya uthibitisho wa wosia au ya barua za usimamizi wa mirathi. Msajili hawezi kupokea muhtasari wa kikao cha ukoo badala ya barua hizo, hata uwe na saini arobaini. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina. Anayeteua ni mahakama. Sheria haikilazimishi, lakini mahakama nyingi huuliza muhtasari wake ili kujua kama familia inakubaliana.

Swali linalofuata ni mahakama ipi. Mahakama ya mwanzo, kwa mujibu wa Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, husikiliza mirathi ambayo sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, na ambapo marehemu aliishi ndani ya eneo la mahakama hiyo. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, mirathi yake huongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, sheria ya enzi za Malkia Victoria ambayo bado inatumika Tanzania, na mahali pake ni mahakama ya wilaya kwa mirathi ndogo au Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Iringa. Hili si jambo dogo. Ziko mirathi zilizofunguliwa mahakama ya mwanzo kwa sababu ni karibu na gharama ni nafuu, kisha miaka baadaye, nyumba ikiwa imeshauzwa, uteuzi wote ukafutwa kwenye rufaa kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka.

Katika mahakama ya mwanzo maombi hujazwa kwenye Fomu Namba 1 ya kanuni za mwaka 1971. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha humteua msimamizi. Ndani ya miezi minne tangu uteuzi, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni yote ya marehemu kwa Fomu Namba 5, na baadaye, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu ya mirathi kwa Fomu Namba 6. Katika Mahakama Kuu na mahakama ya wilaya muda wa orodha ni miezi sita na wa hesabu ni mwaka mmoja. Kwenye orodha hiyo mjane anapaswa kuwa macho: mali ya marehemu ni nusu ya nyumba, si nyumba nzima. Orodha inayoandika "nyumba moja Kihesa" bila kutaja hisa imekwisha kumnyang'anya mjane kabla ugawaji haujaanza.

Msimamizi akishapata barua, daftari hubadilika mara mbili. Kwanza anaandikwa yeye, kwa cheo chake cha msimamizi wa mirathi ya marehemu. Baadaye, ugawaji ukikubaliwa, anahamisha hisa kwa warithi wenyewe. Familia nyingi huishia hatua ya kwanza, na hapo ndipo migogoro mikubwa huzaliwa. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya cheo chake; ni mtumishi wa mirathi. Lakini kwa watu wa nje, jina lililo kwenye daftari ni lake. Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua katika miaka ya 1990 kwamba msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya warithi wote kabla ya kuuza mali ya mirathi. Uamuzi huo humrahisishia msimamizi mwaminifu na humfungulia mlango asiye mwaminifu.

Nusu ya marehemu inagawiwaje

Katika mfano wa Kihesa, mjane ana nusu yake, ambayo haijadiliwi. Nusu ya mume inagawiwa kulingana na sheria inayotumika kwake, kama hakuacha wosia.

Ikiwa ni sheria ya 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi ya mali ya mume na watoto theluthi mbili. Theluthi ya nusu ni moja ya sita, hivyo mjane atakuwa na jumla ya theluthi mbili za nyumba. Ikiwa ni sheria ya Kiislamu, na wazazi wa marehemu hawako hai, mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto, mtoto wa kiume akichukua mara mbili ya wa kike. Jumla ya mjane ni tisa ya kumi na sita. Ikiwa ni mila zilizoandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963, mjane hapati urithi wowote kama mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Anatarajiwa kutunzwa na watoto. Atabaki na nusu yake tu, na hiyo ni kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye hati.

Tangazo hilo la 1963 limepingwa. Wajane wawili waliotolewa kwenye nyumba zao na wakwe baada ya waume kufariki walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba mila hizo zinabagua lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imevunja haki zao na ikaitaka ibadilishe sheria. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikuwa ameamua, katika shauri la Holaria Pastory kutoka Kagera, kwamba mila inayomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi inapingana na Katiba.

Pale jina la mjane halikuwemo kabisa

Kwenye viwanja vya pembeni mwa mji hali hii ni ya kawaida: hati au karatasi ya mauziano ina jina la mume peke yake. Sheria haijamwacha mke mikono mitupu. Kifungu cha 161(2) cha Sheria ya Ardhi kinasema mwanandoa aliyechangia kwa kazi yake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anahesabiwa kupata haki inayofanana na umiliki wa hisa. Kufyatua tofali, kusimamia mafundi na kulima bustani ni kazi za namna hiyo. Katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya familia. Shauri hilo lilihusu talaka, si kifo, na mjane anayelitaja lazima ajue tofauti hiyo. Kugawana mali ya ndoa ni utaratibu wa wanaoachana. Mjane anachodai ni kwamba hisa yake haikuwa ya marehemu tangu mwanzo.

Dai hilo halijiandiki lenyewe kwenye daftari. Mjane hulitoa mbele ya mahakama ya mirathi wakati wa orodha ya mali, akiwa na ushahidi: stakabadhi za vifaa, majirani, mjumbe, mafundi. Wakati shauri likiendelea anaweza kuomba zuio kwenye daftari la ardhi ili nyumba isihamishwe. Baraza la ardhi si mahali pa kuteua msimamizi, na tangu 2021 mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya usuluhishi tu.

Kama kiwanja hakina hati, hakuna daftari la Msajili la kurekebisha. Kinachofanyika ni kupata barua za usimamizi, kisha kuzipeleka serikali ya mtaa na idara ya ardhi ya manispaa ili kumbukumbu zibadilike na upimaji ukija, kiwanja kiandikwe kwa mwenyewe aliye hai.

Vijijini

Nje ya mji ardhi ni ya kijiji, na hati yake ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayoandikwa kwenye masijala ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Wilaya ya Iringa ilipata nafasi ya pekee. Kuanzia 2014 mradi uliofadhiliwa na Marekani ulijaribu kupima mashamba kwa simu za mkononi katika vijiji vya Ilalasimba, Itagutwa na Kitayawa, na mradi uliofuata ukatoa makumi ya maelfu ya hati. Uzuri wa kazi ile ni kwamba fomu zilimtaka mwanakijiji achague: anamiliki peke yake, kwa pamoja, kwa hisa, au anashika kama msimamizi wa mirathi ya mtu aliyekwisha kufa. Swali ambalo mjini huulizwa baada ya msiba, kule liliulizwa siku ya kupima shamba.

Kuchelewa

Hakuna adhabu ya kuacha jina la marehemu kwenye hati, na ndiyo sababu wengi huacha. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo nyumba inaweza kuendelea kulipiwa miaka kumi bila mtu kukumbuka kwamba mwenye hati yuko makaburini. Kulipa kodi, hata hivyo, hakubadilishi umiliki.

Muda una gharama zake. Maombi ya mirathi yanayopelekwa Mahakama Kuu baada ya miaka mitatu tangu kifo lazima yaeleze sababu ya kuchelewa. Madai ya kurudisha ardhi ya marehemu iliyovamiwa yana ukomo wa miaka 12, na inahesabiwa tangu siku ya kifo, si siku msimamizi alipoteuliwa. Mashahidi huhama au hufa. Mrithi mmoja naye akifariki kabla ya ugawaji, mirathi ya pili inaingia ndani ya ile ya kwanza, na wajukuu wanajikuta wakidai nusu ya thumni. Wakati huo benki haikopeshi kwa hati hiyo na mnunuzi makini hainunui.

Nchi jirani

Kenya ina mpangilio unaofanana. Sheria yake ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inamtaka Msajili kufuta jina la mmiliki wa pamoja aliyefariki kwa kusajili cheti cha kifo, na nayo inabakiza umiliki wa pamoja mpya kwa wanandoa, isipokuwa mahakama iruhusu. Umiliki wa hisa huko pia hupitia mahakama ya urithi.

Wanandoa walio hai wanaweza kuondoa mkanganyiko huu kwa kufanya upekuzi wa hati yao na kuomba aina ya umiliki ibadilishwe kwa hati ya makubaliano. Wenye umiliki wa pamoja wanaweza kuugeuza kuwa wa hisa, kwa mfano pale mmoja ana watoto wa ndoa ya awali ambao angependa warithi sehemu yake. Watoto walio chini ya miaka 18 hawaandikwi kushika ardhi wenyewe. Hushikiwa na mlezi au mdhamini mpaka wafikie umri huo.